Makofi ya Mapema

Wahenga walisema ukubwa ni jaa, na mimi nilipokuwa kijana nilidhani wanatania. Sasa ninalo jaa langu mwenyewe, lenye kiyoyozi, meza ya kioo na kiti kinachozunguka, na kila asubuhi watu hupanga foleni kuja kumwaga. Huyu kagombana na yule kwa sababu ya likizo. Yule katukanwa na mteja. Wakili anataka nisaini kurasa ambazo nina hakika yeye mwenyewe hajazisoma. Shangazi naye anapiga simu, si kunijulia hali, bali kunikumbusha kwamba mwanawe bado yuko nyumbani na "anajua sana kompyuta," maana yake anacheza michezo kutwa.

Sikuanzia humu. Mimi ni fundi wa programu, tena zile za chini kabisa ambazo mtumiaji hazioni, zinazoongea na chuma chenyewe na kuamua nani apewe nafasi kwenye kumbukumbu ya mashine na nani asubiri. Nilianzia kwenye chumba kisicho na dirisha, feni ikilia juu ya kichwa, nikiwa na furaha ya kijinga. Ukikosea, mashine inazimika. Haikuonei haya wala haikuulizi umeamkaje. Bahati mbaya nilifanya kazi vizuri, wakanipa watu wa kuwasimamia. Nikawasimamia vizuri, wakanipa idara nzima ya teknolojia. Idara ikanichosha, nikasema liwalo na liwe, naanzisha kampuni yangu niwe huru. Anayeanzisha kampuni ili awe huru ni sawa na anayezaa ili apate usingizi. Hakuna aliyeniambia, au waliniambia sikusikia.

Kampuni yetu inatengeneza kisanduku kidogo kinachofungwa kwenye friji za dawa za hospitali. Kinapima baridi muda wote, na friji ikianza kupata joto kinapiga kelele na kumtumia ujumbe mhusika. Kiini cha programu yake nilikiandika mimi, kwenye meza ya jikoni kwangu, kabla hatujawa na ofisi wala mwekezaji. Katika yote tuliyo nayo leo, hicho ndicho kitu ninachoweza kusema ni changu bila kupepesa macho.

Basi nilimwendea mwenyekiti wa bodi nikamwambia nataka kukiacha kiti. Atafutwe mkurugenzi mwingine, mimi nirudi kwa mafundi nikaandike programu mpaka nizeeke. Mwenyekiti ni mzee mpole aliyewahi kuendesha kiwanda cha betri, na humsikiliza mtu akiwa amefumba macho.

"Mkataa pema pabaya panamwita," alisema.

"Pema pa nani?"

Akafumbua jicho moja. "Sikukatazi. Yule mama wa kampuni ya bima yuko tayari kuja hata kesho kushika nafasi yako. Lakini ukishuka umeshuka. Bodi haiwezi kubadilisha dereva kila kona. Nataka jibu kabla ya kikao cha Ijumaa. Ila jiulize kwanza, bado unaweza?"

Swali lile liliniudhi kwa sababu nilikuwa nimeshajiuliza mwenyewe, tena mara nyingi.

Mume wangu hutengeneza meno bandia. Kutwa ameinama juu ya taya za plasta na kipatasi chake, na jioni hurudi na vumbi jeupe kwenye nyusi. Namwonea wivu sana. Siku ile tukiosha vyombo nilimwambia, "Wewe unashika meno. Mimi nashika watu."

"Meno hayaombi likizo," alikubali. "Lakini usiache mbachao kwa msala upitao, mke wangu."

"Mbachao wangu ni ule wa zamani. Hiki kiti ndicho msala."

Akacheka, akanipa sahani nikaushe. "Haya, basi jipime kwanza. Mimi jino langu likiwa baya, mgonjwa anatafuna mara moja tu ananirudia amekunja uso. Wewe utajuaje?"

"Nina sheria," nikamjibu.

Sheria yenyewe niliitunga mimi. Kwetu hakuna mstari unaoingia kwenye programu ya kisanduku kabla fundi mwingine hajausoma na kuupitisha, na anayeusoma haoni jina la aliyeuandika. Anaona namba tu. Kule nilikotoka nilikuwa nimechoka kuona takataka za wakubwa zikipitishwa kwa heshima zote, nikaapa kwangu haitakuwa hivyo. Hata kwenye mikutano ya nje nilijisifu nayo. Kwetu, nilisema, inaongea kazi, cheo kinakaa kimya.

Na kazi ya kujipimia ilikuwepo. Baadhi ya visanduku, vikishakaa muda mrefu bila kuzimwa, vilikuwa vinaganda, yaani programu inakwama na havipimi tena. Tatizo lilikuwa mikononi mwa mkuu wa mafundi, ambaye sote tunamwita Breki kwa sababu anaamini kazi yake ni kuzuia mambo. Nilimfundisha mwenyewe alipotoka chuoni. Mtu huyu aliwahi kusimamisha mzigo uliokwisha kupakiwa getini, akamtazama mteja wetu mkubwa usoni na kumwambia hapana, huku mimi nikimkanyaga mguu chini ya meza.

Nilimwambia katibu wangu afute vikao vyangu. "Akija mtu mwambie nipo, lakini sipo," nikasema, nikafunga mlango.

Sijui niieleze vipi raha ya siku zile. Chai ilinipoa mezani mpaka ikaota utando. Nilisahau shangazi, nikasahau wakili. Nilifuata programu mstari kwa mstari mpaka nikampata mwizi, sehemu inayoazima nafasi kwenye kumbukumbu na haiirudishi, kama jirani aliyeazima sufuria. Nikaweka kufuli kwenye kila fungu la kumbukumbu, kwamba anayetaka kuazima ashike ufunguo kwanza, na asiuachie mpaka arudishe alichochukua. Mistari ilikuwa michache, imebana, haina neno la ziada. Niliituma bila jina kama fundi mwingine yeyote, moyo ukinienda mbio kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani.

Kesho yake ikarudi. *Imepita.* Hakukuwa na swali wala nukta ya kurekebisha.

Nisingekuwa mkurugenzi ningecheza pale kwenye korido. Nyumbani nilimwambia mume wangu kabla sijavua viatu, naye akainua glasi yake ya maji. "Basi shuka, fundi," akasema. Nililala nikiwa nimeshashuka.

Alhamisi tulikuwa na mkutano wa wafanyakazi wote. Mwishoni nikasimama, kwa sababu furaha ina mdomo, nikawaambia kwamba yale marekebisho ya visanduku kuganda, yaliyopitishwa juzi, aliyeyaandika ni mimi.

Walipiga makofi kabla sijafika kwenye "mimi."

Niliwatazama. Hakuna aliyeshangaa. Hakuna aliyemgeukia mwenzake na kumwambia kumbe. Mhasibu, ambaye hajui tofauti ya programu na pasi ya umeme, alipiga kuliko wote. Breki alipiga huku akitazama viatu vyake.

Nilirudi chumbani kwangu nikafungua programu iliyotumwa kwenye visanduku. Mistari yangu haikuwemo. Nikadhani nimefungua isiyo yenyewe, nikafunga, nikafungua tena. Nikaangalia kumbukumbu za mabadiliko. Kazi yangu ilikuwa imepita kweli, na jioni ileile ilikuwa imeondolewa na kuwekwa nyingine mahali pake.

Nilichukua muda kuielewa ile nyingine, nikiisoma kwa kidole. Nilipoielewa shingo ikanichemka. Nilipokiandika kiini kile, kisanduku kilikuwa na ubongo mmoja, unaofanya jambo moja kwa wakati. Siku hizi tunaweka chipu yenye bongo mbili, na aliyesaini kununuliwa kwake ni mimi, ila nilikuwa naangalia bei. Kwenye kazi yangu ubongo mmoja ungeweza kushika ufunguo anaoutaka mwenzake, na mwenzake akashika wa huyu, wakabaki wakisubiriana kama waungwana wawili mlangoni, pita wewe, hapana, pita wewe, wasipite kamwe. Huko nyuma yao friji inapata joto na hakuna anayepiga kelele. Nilichokituma kingegandisha visanduku vingi kuliko ugonjwa wenyewe. Niliona aibu, tena niliogopa, kwa sababu ndani ya friji zile kuna dawa za watu. Halafu nikakasirika. Nikamwita Breki.

"Funga mlango," nikamwambia. Akafunga. "Nani aliipitisha kazi yangu?"

"Sheria inasema msomaji naye hatajwi, bosi."

"Breki."

"Ni mimi."

"Ulijua ina kosa?"

"Nilijua."

"Na ulijua ni yangu."

Nusura acheke. "Bosi, nani mwingine hapa anabana kumbukumbu namna ile? Hawa wenzangu wamekua kumbukumbu ikiwa tele, hawajui hata kuionea uchungu. Halafu katibu wako alikaa mlangoni kama askari wa gereza. Jengo zima lilijua unaandika. Walikuwa wanapita kwa kunyata wasikusumbue."

"Sasa kwa nini hukuirudisha? Wenzako unawarudishia mpaka wanalia. Mteja mkubwa ulimwambia hapana mbele yangu."

"Mteja hasaini mshahara wangu," akasema, kwa upole, bila kejeli. Akakaa. "Nilikesha nayo kichwani. Niliandika maoni, nikayafuta. Nikaandika tena kwa adabu zaidi, yakasomeka kama nakukejeli. Tukashauriana na wenzangu. Tukaona ipite, halafu tuitengeneze kimya kimya. Friji ziwe salama, na wewe usiaibike. Hakuna aliyeumia."

"Mimi je?"

Nilitaka kumkaripia, maneno nilikuwa nayo tayari, lakini hasira ilikosa pa kushika. Mtu huyu alikuwa ameokoa dawa, na uso wangu pia. Ningemkaripia kwa lipi? Kwa kunihurumia? Walikuwa wamekaa watu wazima, mafundi niliowachagua mmoja mmoja, wakapanga namna ya kunidanganya vizuri, kwa upendo kabisa.

"Nisikilize," nikamwambia. "Kesho natoa jibu kwa mwenyekiti. Nataka kukiacha kiti hiki nije kukaa kule kwenu, niwe fundi. Na nikishuka sitapanda tena."

Hakuwa anajua. Niliona mkono wake ukikamata ukingo wa meza.

"Kazi yangu ilikuwa mbaya, nimeiona," nikaendelea. "Ulimwengu umenipita, sawa. Lakini kujikwaa si kuanguka, na kusoma najua. Ninachokuuliza sikuulizi kama bosi. Nijibu kama unavyowajibu wengine. Nikija, nikaanza upya na hizi bongo mbili zenu, nitaweza?"

Nikasubiri hapana. Niliitamani. Hata "sijui" ingenitosha. Angesema hapana ningeshuka siku ileile, kwa sababu ningejua kule chini nina mtu mmoja wa kuniambia ukweli, na mwenye mtu kama huyo hujifunza chochote. Nilitaka anirudishie kazi yangu imejaa alama nyekundu, nilie, niandike tena. Nilimwangalia midomo. Breki alitazama meza, akatazama dirisha, na nikaona kabisa jibu likija usoni mwake na yeye akilifuta, likaja jingine naye akalifuta pia.

"Utaweza, bosi," akasema. "Wewe tena?"

Nikamshukuru. Akainuka, akauliza kama nahitaji chai, nikasema hapana, akatoka na kuuvuta mlango taratibu ili usinipigie kelele.

Huko nje nilisikia katibu akimnong'oneza mtu kwamba nisisumbuliwe. Kisha nikachukua simu nikampigia mwenyekiti, nikamwambia asimsumbue yule mama wa bima, nimeamua kubaki.

"Nilijua," akasema, na kwa sauti yake nilijua amefumba macho. "Lakini niambie kweli, binti yangu. Umeamua kwa moyo mmoja?"

"Kwa moyo mmoja, mwenyekiti," nikasema.