Kukivika Kitabu cha Serwada

Mdogo wangu Gaudencia ana kichwa kigumu, nasema wazi, hata yeye anajua. Mumewe Serwada, mwalimu wa kuchora kule Kampala, alichukuliwa na watu wa serikali mwaka wa sabini na saba, mchana, mbele ya wanafunzi wake, na hakuonekana tena. Gaudencia akavuka mpaka wa Malaba na michoro ya mumewe imefichwa ndani ya godoro, akaja kukaa kwangu Busia, nyuma ya chumba changu cha cherehani. Nikamwambia, na nikarudia: Serwada amekufa, lia, umalize. Hakulia. Novemba, mwezi wa marehemu, nilipeleka jina la Serwada kanisani lisomwe pamoja na ya wafu wengine. Akalifuata kwa katekista, akalifuta mwenyewe.

Basi mwaka wa sabini na tisa serikali ile ikaanguka na magereza yakafunguliwa. Watu waliokwisha kuombolezwa wakaanza kufika makwao, wamekonda, lakini wazima. Gaudencia akachangamka. Alisema Serwada akirudi atakuta michoro yake yote imeshonwa kitabu kimoja, na karatasi nyeupe mwishoni, aendelee alipoachia. Akakata katoni za sabuni kuwa majalada, akashona karatasi kwa shazia na uzi wa gunia. Kisha akaingia kwenye mabaki ya vitenge vyangu, akichambua, nyekundu huku, manjano kule, akitafuta ya kupamba jalada la mbele. Alishona ua, akalifumua, akashona kasuku. Tuligombania mkasi kila siku, mimi nina sare za shule za kumaliza, yeye ana kasuku wake. Lakini ukweli ni kwamba roho yangu nayo ilikuwa imeanza kungoja, na hilo lilinikasirisha.

Kilichoharibu ni gundi. Kitenge ni chepesi, uji wa muhogo ukapenya, ukaacha madoa, kasuku akawa kama ameoza. Mzee Methuselah, Mmarachi aliyekuwa akikarabati vitabu vya nyimbo vya kanisa letu, akasema tumwachie, yeye atatafuta kitambaa kizito. Tukampa kitabu, na shanga nyeupe za kuweka kwenye pembe.

Aliporudi alikuwa anatabasamu toka mlangoni. Alikuwa amefika hadi Malaba, akapata kwa wachuuzi wa Uganda ile nguo inayopigwa kutoka gome la mti, nzito, rangi ya udongo mwekundu. Akaivika majalada yote mawili, pembe zimekunjwa sawasawa, shanga zimekaa. Ilipendeza, siwezi kudanganya.

Mimi nikaona moto. Nguo hiyo naijua. Tulipokwenda kumzika baba mkwe wa Gaudencia, niliona watoto na jamaa wakiileta, kila mmoja yake, wakaifungia maiti, moja juu ya nyingine, mpaka marehemu akawa mnene. Kwao Serwada wana sherehe nyingine wanazoivaa, sawa, lakini mimi niliiona siku ile, na Gaudencia pia. Nikamwambia Mzee Methuselah maneno ambayo mtu hamwambii mtu wa umri wake, kwamba ametuletea kifo nyumbani. Maskini, angejuaje? Kwao Marachi hawazikani hivyo. Akasimama tu, kofia mkononi. Nikachukua wembe niibandue hiyo nguo, gundi ingali mbichi.

"Dada, wacha," Gaudencia akasema.

Alikuwa amekipakata kitabu, anakipapasa kwa kiganja. Nikamwambia nitampa kitenge kizuri kuliko vyote dukani, akate atakavyo. Hakuwa ananisikia.

"Baba yake alipata nguo nyingi," akasema. "Yeye hajapata hata moja. Wacha apate hii."

Mzee Methuselah akaelewa, akatafuta mahali pa kukaa. Miaka miwili nilitaka Gaudencia akubali, na sasa amekubali, mimi ndiye niliyeanza kubisha. Nikasema magereza mengine huenda hayajafunguliwa. Nikasema labda anaumwa mahali, labda hana nauli, labda alikimbilia Tanzania. Yote hayo ni maneno aliyokuwa akiniambia yeye, na nilikuwa nikimcheka. Aliniacha niseme mpaka nikachoka, halafu akanipangusa uso kwa leso yake, maana aliyekuwa analia ni mimi.

Akaomba sindano na uzi mweusi. Akaanza kushona jina la mumewe kwenye jalada la mbele, herufi kubwa, polepole, kwa sababu nguo ile ni ngumu na katoni iko chini yake. Chini ya jina akaweka mwaka wa kuzaliwa, kisha kistari. Hapo mkono ukasimama.

"Dada," akaniuliza, "niandike alikufa lini?"