Mara Kumi Bila Kusimama

Usiku wa jana, nimelala na mikono inayonuka petroli, niliota diski mpya za breki zimelazwa wodini. Kitanda namba moja diski ya kushoto, namba mbili ya kulia, zote zimefunikwa shuka jeupe. Watu waliokuja kutazama wagonjwa wao walikuwa wanapita bila kushangaa, na mimi sikutaka kuwa wa kwanza.

Nieleze kwanza ya mchana. Mimi ni fundi cherehani hapa Lushoto. Mwaka jana nilimwoa Mwanahawa, mjane, akaja na binti yake wa miaka tisa anayeitwa Tunu, pamoja na gari la marehemu mumewe. Jana nilibadilisha diski za mbele za gari hilo mwenyewe, kwa maelekezo ya Fundi Kopwe wa magari, kwa sababu mimi ni mbishi na huwa nadhani kilichofunguliwa kwa spana hakinishindi kufunga. Za zamani zilikuwa zimelika mpaka usukani unatetemeka. Nilimpa mtu wa vyuma chakavu aliyekuwa anapita na mkokoteni, akaondoka nazo.

Tunu alikuwa amesimama mlangoni. "Baba alizifunga yeye," alisema, akaingia ndani. Tangu hapo hakunisemesha, na chakula cha usiku alikula amenipa mgongo. Iliniuma sana, maana mtoto huyu ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuniitikia salamu.

Basi, wodini. Muuguzi ananizuia mlangoni.

"Hawa hawaguswi kwa vidole," anasema. "Vidole vina mafuta."

"Nitanawa."

"Vidole vinabaki hapa."

Nikavichomoa kimoja kimoja, nikavipanga kwenye bakuli la bati. Alinipa karatasi ya kuvichukulia baadaye, nikaibana kwa viganja.

Muuguzi akaziosha diski kwa petroli mpaka mafuta ya kiwandani yakatoka yote. Diski ya kushoto ikakohoa.

"Wewe ndiye uliyetuleta kwenye nyumba ya watu?"

"Mimi ndiye."

"Waliokuwepo kabla yetu wamekwenda wapi?"

Nikasema sijui. Ilikuwa kweli, hata jina la yule mtu wa mkokoteni sikuuliza. Diski zikatazamana. Nikaona aibu, ile ya kukata kitambaa cha mteja kabla hujampima.

"Masharti umeyasikia kwa Kopwe," ikasema diski ya kulia, ambayo ilikuwa na sauti ya karani wa mahakama. "Kutuzoeza breki ni mara kumi, kutoka mwendo wa sitini mpaka kumi. Husimami. Ukisimama tukiwa na moto, pedi ya breki itaganda pale ilipotushika, na alama yake haitoki. Utaisikia kwenye usukani maisha yako yote."

"Na baada ya mara kumi?"

"Unatuacha tupoe njiani. Breki huigusi, akuite yeyote."

Nikauliza ni nani huyo wa kuniita. Zikajifunika shuka.

Nikageuka kuchukua vidole vyangu, kumbe nimeshakaa kwenye kiti cha dereva na vidole viko mahali pake, isipokuwa gumba la kulia lililowekwa kushoto. Sikulalamika. Pedali ya breki ikaniambia niikanyage mara nne kabla sijaondoka. Mara mbili za kwanza ilizama mpaka sakafuni, ya tatu ikawa ngumu, ya nne ikasema inatosha, ahsante.

Barabara inateremka kwenda Mombo, ila inapitia sebuleni kwetu. Mwanahawa anachambua mchele. Anasogeza stuli ili nipite.

"Taratibu, kuna mtoto mbele," anasema, macho yake kwenye ungo.

Naendesha. Sitini. Kando ya barabara amesimama Tunu, amevaa sare ya shule. Nakanyaga breki. Kumi. Gari linatambaa karibu yake, na yeye anaongea.

"Zile za zamani," anasema.

Siwezi kusimama. Naachia breki, naongeza mafuta. Sitini. Kwenye kona inayofuata amesimama yeye tena. Kumi.

"Baba alizifunga."

Kona ya tatu. "Siku niliyozaliwa."

Kona ya nne. "Mimi na mama tulikuwa hospitali."

Ya tano. "Tunamsubiri."

Sasa barabara imekuwa meza yangu ya kukatia, lami imegeuka kitambaa cha sare, na matairi yanafuata mstari wa chaki. Tunu amesimama penye pindo.

"Alisema mtoto wake hateremshwi mlima huu kwa breki mbovu," anasema.

Hiyo ilikuwa ya sita. Nilitaka kumwambia kwamba na mimi nilibadilisha kwa sababu hiyohiyo, kwamba ni yeye ninayempeleka shule kila siku. Lakini mwendo wa kumi hautoshi kujieleza, na nilipofungua mdomo nilikuwa nimeshampita.

Mara ya saba hakusema kitu. Mara ya nane alikuwa analia. Diski zilikuwa zimepata moto, harufu imejaa garini. Mguu wangu ukaanza kushuka wenyewe.

"Alama itabaki," ikasema diski ya kulia.

"Na ibaki. Mtoto analia."

"Mtoto hajamaliza," ikasema ya kushoto, kwa upole. "Ukimsimamia atanyamaza. Hujui hilo? Umekaa naye mwaka mzima."

Nilijua. Kila mara nilipomkalisha chini tuzungumze, alitazama miguu yake mpaka nikachoka. Nikaachia breki.

Ya tisa. "Kabla ya kuzifunga alichukua patasi na nyundo."

Ya kumi. Amefuta machozi. "Ile ya kushoto," anasema, "kwa ndani aliandika."

Nikampita. Mara kumi zimekwisha. Nyuma yangu nikasikia, "Anko!" Tangu nimwoe mama yake, Tunu hajawahi kuniita kwa jina lolote. Niliona kwenye kioo anakimbia, mkono juu. Sikugusa breki. Nililia, nasema wazi, nililia kwa sauti, na diski zikaniambia nivumilie, ni kilomita chache tu, zinapoa.

Nikaamka kumekucha. Mwanahawa alikuwa ameshatoka kwenda kuteka maji. Nilivaa shati nikaenda uani, nikiwaza namna ya kuomba radhi kwa mtoto asiyetaka kusikia.

Tunu alikuwa ndani ya gari, kwenye kiti cha mbele. Siku zote hukaa nyuma. Nilifungua mlango wa dereva polepole. Hakunisalimia, wala hakunitazama.

"Jina langu," alisema.

Nilibaki nimeshika mlango.

"Na ya kulia?" nikamuuliza.

"Hiyo hakuandika. Yule mtu anashusha vyuma nyuma ya soko. Lori linavichukua saa mbili."

Ilikuwa saa moja na robo. Nikaingia, nikamwambia afunge mkanda. Alikuwa ameshafunga.