Presha ya Kusimama

Kabla ya upasuaji, sisi watu wa dawa ya usingizi humpima presha mgonjwa wa sukari mara mbili: amelala, kisha amesimama. Ikishuka akisimama, tunajua sukari imeharibu mishipa ya fahamu inayouongoza moyo, na tunajiandaa. Mama mmoja, fundi cherehani, aliniambia mwenyewe, "Mwanangu, nikisimama tu naona kizunguzungu."

Nikamtania, "Leo kazi yako ni kulala, mama." Akacheka. Nikampima amelala, na kwa haraka zangu za kijinga, kwenye fomu, penye kusimama, nikajaza namba ya kubuni.

Alipovuta hewa ya usingizi, presha ikaporomoka. Moyo mwingine ungekimbia kuokoa jahazi. Wake, kwa kuwa sukari ilishaila mishipa ya fahamu, ulijiendea taratibu kama hauna habari. Nikapunguza hewa, nikamchoma dawa ya kupandisha presha. Presha ikarudi baada ya dakika nne.

Jioni nilikwenda wodini kukiri. Sijafungua mdomo, akanishika mkono.

"Ndiye huyu," akamwambia binti yake. "Kizunguzungu changu nimewaambia madaktari wote. Aliyenisikiliza ni huyu peke yake. Si ndiyo, mwanangu?"

Nikaitikia, "Ndiyo, mama."