Kifaransa cha Jikoni

Kicheko kilianzia meza kuu, kikashuka benchi kwa benchi hadi kwa walinda mlango. Nami, msichana wa miaka kumi na saba, nikacheka nao kidogo, kwa adabu tu, maana sikujua wanacheka nini. Baba alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, mikono imefungwa kamba ya katani. Alinitazama. Sijasahau alivyonitazama.

Huo ulikuwa mwaka wa kumi na mbili tangu Wafaransa wavuke bahari na kutushinda sisi Waingereza. Mfalme wetu alikufa vitani kusini, karibu na bahari, na baba zangu wadogo wawili wakafa pamoja naye. Shamba la babu likawa la Bwana Hamon, nasi tukawa watu wa Bwana Hamon. Msitu nao ukawa wa mfalme mpya, Bwana Hamon akiwinda humo kwa idhini yake. Aliyemuua kulungu alitolewa macho.

Nilipelekwa jikoni kwa Bwana Hamon nikiwa na miaka kumi na minne. Mpishi wake, Ansketil, alinifundisha lugha yao kwa mwiko: nikikosea, kichwani. Lete. Koroga. Chumvi. Na jibu lilikuwa moja tu, ndiyo, bwana. Nilijiona msomi. Nikirudi nyumbani Jumapili, nilimsalimu Baba kwa Kifaransa, naye akawageukia majirani, kifua mbele. "Mnamsikia Leofrun? Huyu ndiye atakayetusemea."

Februari ile, kulungu jike aliingia zizini kwetu akiwa na mshale ubavuni, mshale wa wawindaji wa Bwana Hamon wenyewe. Baba alimnywesha maji kwa ndoo. Jua lilipochomoza mnyama alikuwa amekufa. Baba alikuwa akivaa viatu aende kutoa taarifa, walinzi wa msitu wakafika wakifuata matone ya damu kwenye theluji.

Mkalimani wa kesi ukumbini kwa Bwana Hamon alikuwa kasisi wetu mzee, na kasisi alikuwa kitandani na homa. Msimamizi wa shamba akasema basi, kesi ingoje apone. Ningenyamaza, ingengoja. Nilitoka jikoni na unga mikononi, nikasema, "Mimi naijua lugha yenu." Hakuna aliyekuwa ameniita.

Baba akasema kwa Kiingereza chetu, polepole, kama mtu anayemvusha ng'ombe kwenye ubao mwembamba: "Mnyama alikuja mwenyewe, yu hai, ana mshale wenu mwilini. Nilimpa maji. Akafa."

Nikafungua kinywa, nikakuta sina neno la mnyama. Kondoo, nguruwe, ndama, wote walikuwa na majina ya Kiingereza walipokuwa malishoni, kwa sababu sisi ndio tuliowachunga. Wakishapita mlango wa jikoni walipewa majina mengine, kwa sababu wao ndio waliokula. Kulungu wa kuokwa nilimjua. Kulungu wa kuchemshwa na kitunguu nilimjua. Yule anayepumua, anayeinama kunywa kwenye ndoo, huyo sikuwa naye. Mshale pia sikuwa nao. Nikasema nilichokuwa nacho.

"Nyama ilikuja nyumbani. Baba aliitia maji."

Hapo ndipo walipocheka. Bwana Hamon akapangusa machozi, akaniuliza kitu haraka haraka. Nilidaka maneno mawili, baba yako, na chungu. Nikajibu kama nilivyozoea kumjibu kila mtu katika lugha ile.

"Ndiyo, bwana."

Kicheko kikakatika.

Walimtoa macho kabla ya adhuhuri, penye lango la mifugo. Nilimshika mkono hadi nyumbani, mwendo wa maili mbili, na kila palipokuwa na barafu nilimwambia, "Hapa panateleza, Baba," naye akajibu, "Nimesikia."

Siku ya nne akaniuliza. "Uliwaambia nini?"

"Ulivyosema wewe, Baba."

"Haya."

Hakuuliza tena kwa miaka kumi na tisa.

Nilirudi jikoni kwao, mkate ulihitajika. Lugha yao niliimeza yote, hadi matusi. Jina la kulungu aliye hai nililipata miezi miwili tu baadaye, theluji ilipoyeyuka, kwa mtunza farasi aliyekuwa akinionyesha kundi mlimani. Neno fupi, jepesi, mtoto angeweza kulitamka. Niliketi palepale kwenye umande, na yule kijana akadhani naumwa na tumbo.

Baba alipokuwa akifa, nilimweleza yote.

"Nilijua," akasema. "Maneno yangu hayakuwa na kichekesho ndani yake. Nao walicheka."

"Mbona hukunigombeza?"

"Nikugombeze nini, mwanangu? Mimi ndiye niliyekuwa nikijigamba kwa majirani."

Heri angenipiga.

Kasisi mpya aliyemzika alikuwa kijana Mfaransa wa kutoka ng'ambo, mpole. Kando ya kaburi, mbele ya msimamizi na watu wote, alimwombea "mtumishi wako Ulnot."

"Wulfnoth," nikasema.

Akaendelea na sala. Nikamshika upindo wa joho.

"Weka ulimi katikati ya meno, Padri," nikamwambia kwa Kifaransa kisicho na doa. "Wulfnoth."

Akaona haya. "Ulnof."

"Tena."

Wenye majembe waliegemea mipini. Msimamizi alikohoa, sikumtazama. Mara ya nne kijana yule alilitamka sawasawa, herufi zote. Nikaliachia joho lake, nao wakaanza kufukia.