Chupa ya Kupimia Oili

Siku hiyo niliondoka nyumbani nimejifunga kibwebwe, na kila aliyeniona njiani alijua kuna mtu anakwenda kupashwa. Sijifichi, ulimi wangu ni mkali na mtaa mzima unaujua. Wa kupashwa alikuwa muuza oili wa karibu na kituo cha petroli, rafiki wa mume wangu tangu ujana wao. Sote tulimwita Birika kwa sababu ya mkono wake. Kwenye duka lile hakuna aliyewahi kupata bure hata kitambaa cha kujifutia mikono.

Mume wangu anafyeka majani. Ana mashine ya kubeba begani, ile yenye kisu kinachozunguka mbele, na ameilea kuliko alivyowalea watoto. Mashine hiyo haina sehemu yake ya kuweka oili. Oili inachanganywa ndani ya petroli yenyewe, na ukikosea umeiua. Ikizidi inatoa moshi na plagi inachafuka. Ikikosekana, vyuma vinasagana. Ndiyo maana hakumruhusu mtu yeyote amchanganyie. Alipimia kwa chupa ya kunyonyea ya binti yetu, ambaye sasa ana watoto wake, na kila nilipomgombeza kuhusu chupa ile alinijibu, "Mama watoto, mtoto ameacha kunyonya, mashine bado."

Sasa mashine ilikuwa imekufa. Ilikuwa inafyeka uwanja wa shule, ikalia vibaya, ikanyamaza. Fundi aliifungua akatuonyesha pistoni, imekwaruzika ubavu mzima kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga.

"Hapa oili haikufika," akasema.

Mume wangu alikaa juu ya ndoo, mkono mdomoni. "Birika ameniuzia oili feki," akasema kwa sauti ndogo, na machozi yakamlengalenga. Mwanaume yule amezika wazazi wake wote wawili nikimwona, akajikaza. Leo analizwa na rafiki? Damu ikanichemka.

Dukani kulikuwa na wateja. Vizuri, nikasema moyoni, wasikie wote.

"Wewe! Umekosa wa kumwibia mpaka ukamwona rafiki yako? Unauza maji ya rangi unayaita oili?"

Birika aliweka chini kopo alilokuwa ameshika. Alinitazama kidogo, akawatazama wateja wake.

"Ni kweli, shemeji," akasema. "Ilikuwa oili mbaya. Kosa langu. Pistoni mpya nitaitoa mimi."

Dereva mmoja alirudisha chupa yake kwenye rafu akaondoka, na mwenzake akamfuata. Birika hakuwaita.

Hapo ndipo nilipoogopa. Birika, atoe? Birika akubali kosa mbele za watu? Nilimvuta nyuma ya mapipa.

"Nitazame usoni. Unanificha nini?"

"Nenda nyumbani, shemeji."

"Siendi!"

Alifuta mikono yake kwa kitambaa, na haikuwa hata michafu. "Juzi asubuhi alikuja kununua oili, akaondoka. Sijakaa, akarudi kununua oili. Nikamwambia, mbona umeshachukua? Akacheka. Na mimi nikacheka, si unajua sisi ni watu wa utani? Akaja tena. Akaniuliza jina langu nani." Alikikunja kile kitambaa. "Nikadhani ni utani huo huo, shemeji. Nikamjibu kwa utani. Halafu nikamwona macho."

"Mwongo."

"Haya, mimi mwongo. Mwache aseme ni mimi. Kuitwa mwizi hakutaniua. Yeye akijua, itamuua."

Nilimwita mwongo mara nyingine tena, kisha nikaenda nyumbani moja kwa moja mpaka bandani, mume wangu anakochanganyia petroli yake. Nilimimina petroli ya kwenye dumu ndani ya bakuli jeupe. Oili ya Birika ni nyekundu, na petroli iliyochanganywa lazima ioneshe uwekundu wake. Petroli ile ilikuwa tupu, kama ilivyotoka kwenye pampu. Nyuma ya toroli nikakuta chupa za oili, mpya, vifuniko havijakatwa, zimepangwa kwa mstari ulionyooka kama anavyopanga vitu vyake vyote.

Nilikaa chini pale pale. Nikakumbuka funguo ndani ya kopo la sukari. Nikakumbuka bomba aliloacha wazi mpaka ua ukafurika, na siku aliyoniita kwa jina la dada yake. Yote hayo nilikuwa nimeyafokea. Nililia nikiwa nimejiziba mdomo kwa nguo, asinisikie.

Nilimpeleka hospitali, wakatuambia maneno mengi ya upole juu ya kusahau kwake, na hakuna hata moja lililokuwa dawa. Binti yetu akapiga simu. "Mama, uza mashine. Baba akae nyumbani apumzike."

"Akae afanye nini? Anitazame mimi?"

"Mama, usifoke."

"Nafoka, ndiyo! Baba yako bila ile mashine ni nani?"

Nilikuwa nimeshaamua. Ataendelea kufyeka kadiri atakavyoweza, na mimi nikiwa pembeni yake. Birika alileta pistoni kweli, fundi akaifunga. Kilichobaki ni mchanganyiko, na huo nitauchanganya mimi. Lakini kipimo sikukijua. Miaka yote ile nimegombana na chupa, na hata siku moja sikuuliza anapima hadi wapi.

Asubuhi moja nikamfuata bandani. "Baba watoto, nifundishe kuchanganya."

Alifurahi jamani! Uso wote uling'aa. Alinikalisha juu ya ndoo, akasimama kama mwalimu.

"Kwanza, petroli mpya. Iliyokaa kwenye dumu miezi imechacha, usiniwekee. Pili, oili. Usije ukaweka ya gari, ile haiungui vizuri, itakujazia masizi. Chukua hii ya kuchanganya. Na kifuniko ukikate wewe mwenyewe, usinunue kilichokatwa." Alishika chupa ya mtoto, akanionyesha alama aliyoikwaruza kwa msumari. "Petroli lita tano, oili mpaka hapa. Mililita mia moja. Unaweka petroli nusu, unamimina oili, unatikisa, ndipo unajaza iliyobaki."

Alimimina huku akieleza, na hakumwaga hata tone. Hakukosea hatua, hakutafuta neno. Nilimtazama, na moyo ukaanza kunidanganya. Nikasema labda daktari amekosea. Labda Birika naye ana yake. Huyu hapa mume wangu, mzima, ananifundisha kazi yake.

"Umeshika haraka, dada," akasema. "Wengi wanaokuja hapa hawashiki."

Nikacheka. "Dada nani, wewe?"

Hakucheka. Alikuwa anaifuta chupa polepole, ndani na nje.

"Ila chupa hii sikupi, nisamehe. Ni ya binti yangu. Na mke wangu mkali! Ikipotea hii nitalala nje." Ndipo akacheka, kile kicheko chake ninachokijua. "Ulimi wake unakata kuliko kisu cha mashine. Lakini mimi nikitoka kazini, nikimsikia tangu barabarani anafoka, uchovu wote unaniisha. Najua nimefika kwangu."

Nilikaza meno mpaka taya zikauma. "Umewahi kumwambia hivyo?"

"Nani? Yule? Atavimba kichwa." Aliirudisha chupa kwenye rafu, akaigeuza mpaka alama ikatazama mbele. Kisha akanigeukia kwa adabu, kama mtu anavyomsemesha mgeni ili asikae kimya. "Na wewe, dada, una mume?"

"Ninaye."

"Yuko wapi?"

Mimi huyu, ambaye sijawahi kushindwa na mtu yeyote sokoni wala mtaani, nilitafuta jibu nikalikosa. Yeye akasubiri, halafu akaniona machozi, akajua ameuliza vibaya.

"Basi, basi, dada," akasema kwa upole, akinisogezea dumu. "Tikisa. Ukiliacha hivi oili haitachanganyika."

Nikalishika dumu kwa mikono miwili, nikalitikisa.