Bomba Ndani ya Nepia

Wacera alikuwa amechoka kuambiwa ni barafu. Kazi yake katika kiwanda cha samaki, nje kidogo ya Mukurweini, ilikuwa kuangalia mita mbili: moja ya maji safi yanayoingia, nyingine ya maji machafu yanayokwenda kwenye mabwawa ya kuyasafisha. Siku hizi maji yalikuwa yakiingia mengi kama kawaida, lakini yaliyotoka hayakufika hata nusu. Kila alipomuuliza meneja, Mwai, jibu lilikuwa lile lile.

"Tunagandisha mengi, Wacera. Barafu."

Asubuhi moja Njoki, jirani yake wa kule bondeni, akampigia simu. Ng'ombe wake walikuwa wamekataa kunywa maji ya kijito.

"Maji iko na magamba. Inanuka. Ati nyinyi mnapima nini huko?"

Swali hilo lilimchoma. Akavaa gambuti, akauzunguka ukuta wa kiwanda na kujitosa katikati ya nepia, majani marefu ya ng'ombe, akiifuata harufu. Bomba jipya lilikuwa limefukiwa juujuu, mdomo wake ukitapika damu na matumbo ya samaki moja kwa moja kijitoni.

Alimkuta Mwai kwenye meza za kupasulia samaki. Akamuuliza pale pale, mbele ya akina mama waliokuwa wakipasua.

"Mabwawa yamejaa," Mwai akasema kwa sauti ya chini. "Ni ya muda tu. Twende tuongelee ofisini."

"Ng'ombe wa Njoki hawanywi ofisini."

"Ukieneza hii maneno, tutafungiwa. Hawa wote warudi nyumbani. Ni hivyo unataka?"

Visu vilitulia. Kagure, aliyewazidi wote umri, akamkazia Wacera macho. "Usituharibie kazi, Mama Shiku. Sisi hatuishi huko chini."

Mwai alikuwa amemdanganya, na hilo Wacera alilitarajia. Lakini Kagure alisali kanisa moja na Njoki.

Alikwenda kwenye valvu kubwa ya maji yanayoingia, akaizungusha kwa mikono miwili mpaka ikakataa kusonga. Mipira ya kuoshea samaki ikakohoa, ikanyamaza. Kisha akampigia Ngatia, mwenyekiti wa chama cha watumiaji wa maji ya kijito kile, aje na watu wake na msumeno wa chuma.

Walikuja kabla ya saa sita. Bomba likakatwa vipande, na Ngatia akaitia valvu kufuli hadi bwawa jingine lichimbwe. Akina mama walivua aproni, wakatoka mmoja mmoja wakimpita Wacera getini. Hakuna aliyemsalimia. Naye hakuinamisha uso.

Mwai alikuwa amesimama kando, simu sikioni, akimweleza mwenye kiwanda kwamba kumetokea hitilafu ndogo. "Ni mita imeharibika, mzee."

Wacera alimwendea, akampokonya simu.

"Mita ni nzima," akasema, na akaanza kumweleza mzee yule yote, tangu mwanzo, bila kupunguza sauti.