Kola ya Inchi Kumi na Tatu

Wivu wa dada kwa mdogo wake si wivu wa jirani. Jirani ukimwonea wivu unafunga dirisha, yamekwisha. Mdogo wako utamfungia dirisha gani, na cherehani zenu zinatazamana kutwa nzima?

Dada Futi aliyajua hayo vizuri. Jina hilo walimpa mafundi wenzake katika karakana ya sare, kwa kuwa utepe wa kupimia haukumtoka mabegani, na jicho lake halikukosea hata robo inchi. Miaka kumi na moja alingojea nafasi ya fundi mkataji, yule anayekabidhiwa mkasi mkubwa, wengine wakashona alichokata yeye. Sasa mkataji wa zamani alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi, na jina lililovuma halikuwa la Dada Futi. Lilikuwa la mdogo wake.

Huyo walimwita Umeme. Zamani alikuwa fundi wa kawaida, blauzi nane kwa siku na kujikongoja. Lakini kwa miezi minne alikuwa akitoa kumi na tano, huku anacheka, huku anaongea, huku anakimbilia pasi. Alikula vya watu wawili na kiuno kikazidi kuwa chembamba. Macho yakawa makubwa, yanang'aa, hata wateja wakageuka kumtazama mara ya pili.

"Kula sote tunakula," Dada Futi alimwambia akimpunguzia sketi kwa mara ya nne. "Wewe unakunywa nini cha siri?"

"Chai yako hiyohiyo, dada. Labda ni roho yangu safi."

Mafundi wakaangua kicheko. Dada Futi naye alicheka, meno tu. Wiki mbili zilizofuata aliacha kula mchana, akaambulia kizunguzungu. Kiuno chake hakikupungua hata uzi. Tusifichane, wiki zile alimchukia mdogo wake.

Karakana ile ilikuwa na desturi yake. Wanaogombea mkasi hukatiana nguo, kila mmoja akaivaa ya mwenzake mbele ya Bosi na mafundi wote. Dada Futi alimpima Umeme kiuno, kifua na mikono. Shingo hakuipima. Fundi gani humpima mtu mzima shingo mara ya pili? Aliichukua kwenye daftari la mwaka jana, inchi kumi na tatu, akakata kola.

Siku ya siku, blauzi aliyoikata Umeme ilimkaa Dada Futi barabara. Ya Dada Futi ilimkaa Umeme vizuri kutoka kiunoni hadi mabegani, kisha kifungo cha juu kikagoma.

"Dada Futi leo kakosea!" fundi mmoja alisema, na minong'ono ikazagaa.

"Anaivimbisha shingo makusudi," Dada Futi alijibu kwa hasira, akaisogelea shingo ya mdogo wake na utepe. Kumi na nne na nusu. Akapima tena. Ileile.

Aliingiza vidole ndani ya kola kukilazimisha kifungo, na hapo akasita. Ngozi ilikuwa ya moto, imelowa jasho, na mshipa ulikuwa ukidunda kwenye vidole vyake kama cherehani iliyokanyagwa hadi mwisho. Na Umeme alikuwa amesimama tu. Alipoinua mikono kumsaidia, ilikuwa ikitetemeka.

"Moyo wako unakwenda hivi tangu lini?"

"Si ndiyo wepesi wenyewe, dada?"

Kesho yake walikwenda hospitali. Daktari alimpa Umeme maji anywe, akaitazama shingo inavyopanda na kushuka, akaagiza damu ipimwe. Majibu yalipotoka alieleza taratibu. Tezi ya shingo ilikuwa inatoa homoni kupita kiasi, na homoni hiyo ikizidi, mwili wote huenda mbio: moyo, tumbo, mikono, hata usingizi hupotea. Ndiyo maana alikuwa anakula na kukonda. Akiachwa hivyo, moyo ungeharibika. Alimpa vidonge vya kila siku, akamwonya asiviache hata akijisikia nafuu, arudi kupimwa damu, na akipata homa na koo kuuma aje siku hiyohiyo.

Kikulacho ki nguoni mwako. Miezi minne Dada Futi alikuwa akiuonea kijicho ugonjwa.

Angalau wivu ungekufa hapo. Wapi! Bosi alisema bado Umeme yuko mbele, na donge likarudi mahali pake. Kisha asubuhi moja, akitafuta uzi kwenye mkoba wa mdogo wake, Dada Futi aliziona dawa. Siku kumi na mbili zimepita, vidonge vitano tu vimetoka.

"Nikivinywa nakuwa mzito," Umeme alisema, hata hakuona haya. "Nitavinywa nikishakabidhiwa mkasi."

"Utakabidhiwa sanda! Kunywa dawa, mdogo wangu."

Umeme alimtazama kwa yale macho makubwa. "Unanisihi kwa ajili yangu, dada, au kwa ajili ya mkasi?"

Jibu la kweli lilikuwa yote mawili. Mdogo wake akipoa, mkasi ni wa Dada Futi. Wema na wivu vilimvuta njia moja, na aibu ikamchoma kuliko wivu wenyewe. Aliinuka, akaenda kwa mkataji wa zamani, kisha kwa Bosi.

"Mkasi usipewe mtu hadi damu ya mdogo wangu itulie," alisema. "Mkataji nimeshamwomba asistaafu kwanza, amekubali. Kisha tukatiane upya."

"Na akikushinda tena?"

"Nitamwonea wivu kama kawaida yangu. Lakini nimwonee mtu mzima wa afya."

Alirudi na glasi ya maji, akaweka kidonge kwenye kiganja cha mdogo wake kilichokuwa kikitetemeka.

"Mkasi unabaki kwa mkataji wa zamani hadi upone. Hakuna wa kuuwahi. Kunywa."

Umeme akanywa, machozi yakimlengalenga. Dada Futi alimzungushia utepe shingoni, akaandika kwenye daftari: kumi na nne na nusu, na tarehe.

"Nitakupima kila Jumatatu," alisema. "Ikirudi kumi na tatu, ujiandae. Siku hiyo nakushinda."